Maziwa ya Lucia

Kwa siku tatu mfululizo Agatha aliyakataa maziwa ya Lucia. Alikuwa mpimaji katika kituo kidogo cha kukusanyia maziwa huko Dirma, na kila asubuhi kipimo chake cha kioo, kile kinachoelea ndani ya maziwa, kilizama kupita alama. Kwake maana ilikuwa moja: yametiwa maji. Siku ya tatu akalisema hilo kwa sauti mbele ya foleni nzima. Lucia, mama wa miaka sitini na kitu, alifunika ndoo yake akaondoka.

Kesho yake akaja mumewe, mzee Qamara, akimswaga ng'ombe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mke wangu hasemi na mtu tangu jana. Ng'ombe wetu wa maziwa ni huyu mmoja. Mkamue wewe mwenyewe, watu waone."

Agatha alichuchumaa, akakamua. Akatumbukiza kipimo. Kikazama vilevile.

Watu wa foleni wakasogea kutazama.

Hapo akakumbuka somo la chuoni: mafuta yakizidi, maziwa huwa mepesi, na kipimo hicho hudanganyika. Stooni kulikuwa na mashine ya kupima maziwa yanaganda kwenye baridi gani, imeletwa mwezi uliopita, naye kwa uvivu hakuwa ameifungua. Akaitoa kwenye boksi. Akaijaribu kwanza kwa maji safi; yakaganda kwenye sifuri. Kisha akachukua kwenye friji chupa ya sampuli ya Lucia ya jana, akamimina kidogo.

"Maziwa halisi huganda chini ya sifuri, karibu nusu nyuzi," alimweleza mzee. "Ukiyatia maji, yanaisogelea sifuri."

Namba za mashine zilishuka hadi nyuzi tatu chini ya sifuri, na maziwa bado hayajaganda, kama ilivyo kawaida yakipozwa haraka. Mashine ikayatikisa. Yakaganda ghafla, namba zikapanda, zikasimama nusu nyuzi chini ya sifuri. Akarudia. Zikasimama palepale.

"Mzee, nimewakosea."

"Aliyekosewa yuko nyumbani," alisema Qamara.

Foleni ilipokwisha, Agatha alifuatana naye, ng'ombe akiwa mbele yao. Lucia alikuwa mlangoni akichambua maharage.

"Shikamoo, mama. Maziwa yako hayakuwa na maji. Kosa ni langu."

Lucia aliendelea kuchambua.

"Ulinisema kwa sauti kubwa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Basi na hili liseme kwa sauti hiyohiyo."

Asubuhi Agatha alisimama mbele ya foleni akasema yote, hata habari ya boksi lililokaa mwezi mzima. Lucia alisikiliza akiwa nyuma kabisa, mumewe ubavuni. Zamu yake ilipofika, aliweka ndoo chini, akamshika Agatha mkono akabaki ameushika.

"Umekunywa chai, mwanangu?"

"Bado, mama."

"Ukitoka kazini, pita nyumbani."