Mama wa Juu ya Kabati

Mara ya kwanza nilikisimulia kisa hiki kama kichekesho, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nilikosea. Nilikuwa nimekikatiza pale kicheko kinapoishia. Leo nakisimulia chote, na anayetaka kucheka na acheke mapema.

Fundi alikuwa amefanya useremala kwa miaka thelathini. Mteja akibisha kipimo, hakubishana naye, alilaza futi juu ya mbao, akamwita, "Njoo uone kwa macho yako." Basi, ubishi ukaisha. Mtaa mzima ulilala kwenye vitanda vyake. Lakini kinyozi hajinyoi: kabati la sebuleni kwake mwenyewe, droo nne chini na milango miwili juu, lilisimama tu ukutani kama mgeni asiyekaribishwa kiti. Halikuwa na skrubu hata moja ya kulishika.

Mjukuu wake alikuwa msichana wa mwaka na miezi tisa. Fundi alimwita Kima, kwa sababu alijua kupanda kabla hajajua kutembea sawasawa. Siku moja mchana Fundi aliingia kula, akamkuta yuko droo ya tatu. Ya chini ameivuta yote, ya pili nusu, ya tatu robo. Ngazi kamili, hata yeye fundi asingeitengeneza vizuri zaidi. Na kabati lilikuwa linainama.

Alirusha bega. Kabati likamwangukia begani, sahani zikavunjika ndani, na kwa mkono mmoja akamdaka mtoto kwa nguo ya mgongoni.

Bibi alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alitazama mtoto, akatazama kabati, kisha mume.

"Fundi mzima, unapigwa na kabati ulilolitengeneza mwenyewe."

"Badala ya kunipa pole!"

"Pole nampa mtoto. Wewe nakupa skrubu."

Siku hiyo hiyo alilifunga kabati ukutani kwa vyuma viwili vya pembe. Kesho yake aling'oa vishikio vyote vya droo. Kima akaleta ndoo, akaipindua, akapanda. Ndoo ikafichwa, akaleta sufuria. Sufuria ikapelekwa juu. Akagundua mkono wa kochi, na kutoka mkono wa kochi mpaka kabatini ni hatua moja ya mtu asiye na akili.

Bibi naye alijaribu dawa yake. "Usipande, juu kuna paka mkubwa, anakula watoto!"

Mtoto akapiga makofi. "Paka!" Akapanda mbio zaidi.

"Haya," alisema Fundi, "sasa umemwekea na zawadi."

Kidevu kilipasuka wiki ya pili, paji la uso likavimba wiki ya tatu. Fundi akawa anafanya kazi sikio likiwa ndani ya nyumba, randa inasimama kila anaposikia kishindo. Kijiweni wakamtania: mtu wa miaka hamsini na nane ameshindwa na mtu asiyejua kuvaa kaptula. Alicheka nao. Usiku hakulala, aliota kabati.

Ilikuwa Jumapili alasiri alipoelewa. Aliingia polepole, mtoto hakumsikia. Kima alikuwa amesimama juu ya mkono wa kochi, mikono yote miwili kabatini, sikio amelibandika kwenye mlango wa juu. Hapandi. Hachezi. Anasikiliza tu, kimya, kama mtu anayesubiri mwenyeji aliye ndani amfungulie.

Fundi akakaa chini pale pale mlangoni.

Mama yake mtoto, binti yao wa pekee, alikwenda nchi ya mbali kufanya kazi za ndani Kima akiwa na miezi minane. Simu yao ilikuwa ya vibonyezo, na ndani ya nyumba ile haikukamata mtandao popote isipokuwa juu ya kabati, karibu na tundu la hewa. Fundi, kwa ufundi wake, akaitengenezea kikalio cha mbao huko juu isiteleze. Kila Jumapili alasiri simu ikilia, alipanda stuli akawasha spika, kisha akambeba mjukuu, akakiinua kile kidole kidogo kuelekea juu.

"Mama huyo! Msalimie mama!"

Na sauti ikatoka juu ya kabati: "Umekula, mwanangu? Umeoga? Nani mtoto wa mama?"

Jumapili baada ya Jumapili, kwa mwaka mzima. Mtoto angejua nini tena? Bibi anakaa jikoni, babu anakaa karakana, mama anakaa juu ya kabati. Na sasa ilikuwa Jumapili ya saba bila simu. Ukimpigia hapatikani. Ofisi iliyompeleka ilisema amehama nyumba ya mwajiri, wavute subira, atatafutwa.

"Mtoto si mtundu," Fundi alimwambia mkewe jikoni. "Anamtafuta mama yake."

Bibi aliacha kukoroga. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu alipoanza kumbakishia mama yake ugali, anamrushia huko juu. Unaangukia nyuma ya kabati, nautoa kila asubuhi."

Kisha Fundi akasema, "Nitamwonyesha. Akiona hakuna mtu, ataacha kupanda. Atavunjika shingo huyu, mke wangu."

"Usimwonyeshe."

"Kwa hiyo tumdanganye?"

"Baba nanihii, si kila kitu kinapimwa kwa futi."

Lakini mkono uliozoea kazi hausikii. Alimpandisha mjukuu mabegani, akakanyaga stuli, akamfikisha juu kabisa. Kulikuwa na vumbi. Kulikuwa na penseli aliyoitafuta miaka sita, mende mkavu, na simu kwenye kikalio chake.

Kima alipapasa vumbi kwa kiganja. Alipapasa taratibu, kutoka mbele mpaka pembe ya nyuma. Akachungulia upande wa ukutani. Akaigusa simu, akaiacha.

"Hamna," alisema. Ndivyo alivyosema uji ukiisha bakulini.

"Eeh, umeona? Hamna," alijibu Fundi, kwa furaha ya mtu aliyemaliza ubishi.

Mtoto hakulia. Alilaza shavu juu ya upara wa babu yake, na ule mkono wenye vumbi ukaning'inia kifuani pake.

Jumatatu hakupanda. Jumanne hakupanda. "Leo nimepika bila kukimbia," alisema Bibi, akashukuru. Jumatano Fundi alipiga randa saa tatu mfululizo, hakusikia kishindo. Alhamisi Bibi hakushukuru tena. Kima alikaa mkekani na kijiko chake, akila anachopewa, akilala anapolazwa, kama mgeni mwenye adabu.

Ijumaa simu ililia. Fundi alikimbia kutoka karakana, akapanda stuli, akawasha spika. Alikuwa mteja, anaulizia kitanda. Fundi alimjibu, kisha akageuka kutazama mkekani. Sauti imetoka juu ya kabati, na mtoto hakuinua hata kichwa.

Alishuka, akakaa kwenye stuli. Binti yao akipiga kesho, akipiga mwakani, akisema "Nani mtoto wa mama?" nani atamwamini?

Jumapili alifunga karakana mapema. Alirudisha vishikio vya droo kimoja kimoja, skrubu mbili kila kimoja. Aliitikisa ile pembe ya chuma ukutani, ikakataa kutikisika. Alivuta droo ya chini yote, ya pili nusu, ya tatu robo, ya nne kidogo tu. Kochi alilisogezea mto, sakafuni akatandika godoro. Jikoni mwiko ulisimama.

Alichuchumaa kando ya ngazi ile, mikono ameitanua.

"Kima. Njoo upande."

Mtoto alimtazama. Akakitazama kijiko chake.

"Babu yuko nyuma yako, hutaanguka. Leo hakuna wa kukugombeza."

Kijiko kikagonga mkeka, mara moja, mbili.

"Njoo, mama," alisema Fundi. "Droo ya kwanza tu. Panda, nimekushika."