Mke wa Kwenye Fomu

Fundi umeme wa kiwanda cha sabuni alikuwa na wiki mbili tu tangu aoe. Asubuhi hiyo aliomba ruhusa ya saa moja, akampokea mkewe getini, wakaenda ofisi ya utumishi kumwandikisha kwenye bima ya afya na kumweka mrithi wa akiba yake ya uzeeni. Mkewe, mkutubi, mtu wa mambo yaliyonyooka, alikuwa ameshazijaza fomu zote kwa herufi kubwa.

Karani, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, alibonyeza kompyuta, kisha akainua macho.

"Mwanangu, mbona una mke tayari? Mwaka wa nne huu. Hata unafuu wa kodi wa wenye ndoa unapata. Huyu ni wa pili?"

Fundi alihisi masikio yakimuwaka moto. Miaka minne nyuma dada yake alikuwa mjamzito, mume kaingia mitini, na daktari kasema lazima apasuliwe. Bima haimtambui dada. Basi akaandika "mke", akabandika picha ya dada, akatia sahihi. Siku hizo hawakudai cheti. Mtoto alizaliwa salama, naye akajiapiza kurekebisha mwezi unaofuata. Hakurekebisha.

Mkewe aliinama kwenye kioo cha kompyuta.

"Huyu si wifi?"

Wifi huyohuyo aliyemfunga ushungi siku ya harusi. Fundi alitazama viatu vyake. Angepata shimo, angejifukia.

Karani aliwatazama mmoja mmoja, akaelewa. Akainuka, akarudishia mlango.

"Sikilizeni," alinong'ona. "Naweza kuandika kwamba mmeachana. Watu wanaachana kila siku. Yakaishia hapa."

Yaani ampe talaka dada yake wa tumbo moja! Fundi nusura acheke, lakini mdomo wake ulikuwa tayari umefunguka kusema ndiyo. Mkewe aliona. Alizivuta fomu zake kifuani, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Mama," fundi alisema, "nipe karatasi nyeupe."

Aliandika yote, mistari tisa. Kabla saa za kazi hazijaisha meneja alikuwa amemwita na kumpa onyo la maandishi. Unafuu wa kodi ungekatwa kwenye mshahara mpaka urudi wote, na kadi ya dada ilifungwa siku hiyohiyo.

Jioni walikwenda kwa dada. Fundi alieleza amesimama mlangoni, hakuthubutu kukaa. Dada aliziba uso kwa kanga.

"Wifi, nisamehe. Nilijua tangu siku ile. Nesi alikuwa akiniita mke wa fundi, nami naitika."

"Nimlaumu nani, mtu aliyekuwa anakufa?" mkutubi alijibu, akamkalisha. Kisha akamgeukia mumewe. "Wewe ndiye uliyenipeleka pale nikasikie kwa karani."

"Niliona aibu kukwambia."

"Na bado unaiona?"

"Bado."

"Vizuri," alisema, bila kutabasamu. "Kesho tunarudi na fomu zangu. Safari hii utazijaza wewe, nami nitasoma kila neno."