Betri ya Kombe la Dunia

Mama yangu, Kezia, alikuwa akisinzia akiuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni Rodi Kopany hadi wateja wakajipimia wenyewe. Daktari wa Nairobi alitueleza kwamba usingizini koo lake hujifunga na pumzi hukatika, na siku moja huenda isirudi. Akampa mashine ya kumsukumia hewa puani. Ilihitaji umeme, na boma letu halikuwa nao.

“Alale kwangu Homa Bay,” kaka yangu Ogweno akasema. “Stima iko.”

Mama akamkazia macho. “Nilale chini ya paa la mwanangu? Mama gani wa Kijaluo huvunja mwiko huo? Afadhali pumzi iniishie kwangu.”

Nilimjua, hangebadilika. Nikaenda kwa baba mdogo Odera, ambaye televisheni yake iliendeshwa kwa betri ya gari. Mashine ya Mama nayo ingekubali betri kama hiyo.

“Betri?” akafoka. “Brazil wanacheza kesho!”

“Brazil watacheza bila wewe, Baba. Shemeji yako hatapumua bila hiyo.”

Akanung'unika, kisha akaichomoa na kuibeba mwenyewe mpaka kitandani kwa Mama.

Siku ya soko iliyofuata, mteja alinyoosha mkono kwenye kopo la omena kama alivyozoea. Mama akaushika.

“Nani amekuambia nimelala?” akauliza, macho yakiwa wazi kabisa. “Usingizi nimeumaliza nyumbani kwangu.”

Nilisimama kando yake, kichwa juu, nikapima omena.