Gari la Kazi Halibebi Abiria

Kwa miezi minane Kasuku alikuwa akipiga kelele peke yake chumbani, mlango ameufunga. Alikuwa na chaneli ya gemu, na alikwisha kuona kwamba wenye chaneli kubwa wote hupayuka: wanapiga meza, wanacheka mpaka wanakohoa, wanamtukana adui wa kwenye skrini utadhani kawaibia kuku. Naye akapayuka. Jina lenyewe alipewa na baba yake akiwa binti wa miaka minne kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, kwa hiyo kelele hazikumshinda. Waliomshinda ni watazamaji. Walikuwa arobaini na watatu, na sita kati yao ni binamu zake ambao, ukiwauliza video ilihusu nini, wanakuuliza habari za nyumbani.

Mchana alifanya kazi kwenye duka la kutoa kopi na kuchapa kadi za mialiko. Jumamosi alasiri alirekodi.

Baba yake alikuwa ameendesha malori ya masafa marefu kwa miaka thelathini na moja. Madereva wenzake walimwita Polepole, na hawakuwa wakimsifu. Utotoni Kasuku alimjua kwa vipandevipande: buti mlangoni, harufu ya dizeli kwenye taulo, siku mbili za usingizi, kisha buti hazipo. Kila likizo ya shule aliomba achukuliwe safari moja tu. Aliwahi hata kujitangaza utingo, msaidizi wa dereva, akapanda kwenye lori na begi lake la shule mgongoni. Akashushwa. Jibu lilikuwa lile lile miaka nenda miaka rudi: "Gari la kazi halibebi abiria."

Sasa baba huyo alikuwa nyumbani mwaka wa pili, macho yameanza kuingia ukungu. Alishinda sebuleni akitazama ukuta kama mtu aliyekaa foleni. Kasuku alipita pale kila jioni, na kila jioni moyo ulimuuma.

Jumamosi moja alikuwa akicheza gemu ya malori, anapinda kona huku akipayuka, baba akasimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Hujawasha indiketa."

"Baba, narekodi."

"Rekodi. Lakini huyo aliye nyuma yako hajui unakwenda wapi."

"Huyo wa nyuma ni kompyuta."

"Hata kama. Mwambie."

Kasuku akampisha kiti, nusu kwa hasira, nusu amwone akiumbuka. Baba akashika ule usukani wa plastiki, uliotoka kwenye banda la gemu lililofungwa mtaa wa pili, akakaa kimya. Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili.

"Mbona huondoki?"

"Breki zinatumia upepo. Haujajaa."

Ulipojaa akauliza anashukaje. Kasuku akamwonyesha kitufe, na mzee akalizunguka lori zima, akikagua tairi moja baada ya nyingine, zote kumi na nane. Ndipo akaondoka. Aliendesha saa nzima chini ya mwendo unaoruhusiwa, akieleza bila kugeuza kichwa kwamba gia ya kushukia mteremko huchaguliwa ukiwa bado juu, kwa sababu katikati umeshachelewa. Mama akaingia na nguo za kupiga pasi wakati anazima injini.

"Umefika salama?" akamuuliza, kama alivyomuuliza kwenye simu miaka yote.

"Salama," alijibu baba, na hakuna aliyecheka.

Kasuku aliiweka video ile kwa utani tu, akaiita "Baba yangu hajui kwamba hii ni gemu". Kufikia wiki iliyofuata walikuwa wameitazama watu elfu tatu. Mwanamke mmoja aliandika: "Marehemu baba yangu alikuwa dereva. Leo ndiyo nimejua kwa nini alikuwa anachelewa." Kijana anayesomea leseni ya lori aliomba mteremko urudiwe. Kasuku aliyasoma maoni yale mara mbili, akaona aibu na furaha kwa pamoja. Alichokuwa akikitafuta kwa makelele kilikuwa sebuleni muda wote, kinatazama ukuta.

Akaacha kupayuka. Mwaka ulipokwisha, watu elfu kumi na moja walikuwa wakingoja kila wiki upepo ujae. Baba alianza kunyoa ndevu siku za Ijumaa.

Kisha Jumamosi moja baba akapita taa nyekundu bila kujua. Kasuku aliona, na wakati wa kuhariri akazikata zile sekunde nne. Wiki iliyofuata akakata pikipiki iliyoguswa ubavuni. Alikuwa na mkono mwepesi. Ungetazama mara kumi usione kiungo. Alijiambia anamsitiri baba yake, na kwa kiasi fulani ilikuwa kweli. Lakini pia alikuwa akilinda wale elfu kumi na moja.

Baba hakuweza tena kusoma maandishi ya kwenye skrini, kwa hiyo maoni alisomewa. Alasiri moja Kasuku akamsomea kwa fahari: "Polepole hajawahi kukosea hata mara moja."

Baba akaweka kikombe chini. "Wiki iliyopita niligonga kitu kwenye mzunguko. Nilisikia."

"Kidogo tu, baba."

"Umekitoa?"

Kasuku akarudisha macho kwenye maoni.

"Umetoa vingapi?"

"Vitatu." Akajirekebisha. "Kumi na moja."

"Unajua nani aliniambia niache kazi?"

"Daktari wa macho."

"Daktari aliniambia nivae miwani. Siku moja nilimpita mtu wa baiskeli, nikamwona kwenye kioo, nimeshampita. Hakuumia. Hata hakujua. Kesho yake nikaweka funguo kwenye meza ya bosi, akanibembeleza mwezi mzima. Sikufukuzwa na mtu, mwanangu. Nilishuka mwenyewe. Sasa wewe umenirudisha barabarani, unawaambia watu kwamba naona."

"Ni gemu, baba."

"Na yule kijana wa leseni, anakwenda kuendesha gemu?"

Kasuku alitamani ardhi impasukie. Hata hivyo hofu yake akaisema. "Ukiacha, utarudi kwenye kile kiti. Na ule ukuta."

Baba aliinuka, akaenda sebuleni, akakalia kile kiti.

Jumapili nzima Kasuku aliunganisha vile vipande kumi na moja. Jioni akampelekea baba maikrofoni, naye akasema maneno machache: "Haya ni makosa yangu. Binti yangu aliyaficha kwa kunipenda. Ukimwona dereva mwenye macho kama yangu, mwambie ashuke." Video ikawekwa hivyo hivyo. Watu mia saba wakaondoka siku ya kwanza, na Kasuku akawaacha waende.

Jumamosi aliweka kiti cha pili kando ya usukani, akakaa yeye kwenye kile cha dereva. Baba akasimama mlangoni na chai yake. Ijumaa hakuwa amenyoa.

"Njoo, baba. Mteremko ule siuwezi peke yangu."

"Sioni kitu pale."

"Nitakwambia ninachokiona. Wewe sikiliza injini."

Mzee akasogea, akashika mgongo wa kiti cha pili. "Utanibeba?"

Jibu Kasuku alikuwa nalo tangu darasa la pili. "Gari la kazi halibebi abiria." Akamwacha asimame kidogo. "Ila utingo anaruhusiwa."

Baba akacheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akaketi, na kicheko kikakatika.

"Nafasi ilikuwepo," akasema. "Miaka yote ile. Niliogopa ukikaa pembeni nitakuwa nakutazama wewe, niache barabara."

Kasuku hakupata neno, yeye Kasuku. Alifuta macho kwa kiganja, akawasha injini, akapeleka mkono kwenye gia.

"Upepo," alisema baba, macho ameyafumba.

Wakangoja ujae.