Mashine Iliyomrudisha Werema Korongoni

Tangu siku mashine ya kukatia nyasi ilipomrudisha Werema kinyumenyume hadi korongoni na kumlalia mguu, hakuna mtu pale zahanati aliyekubali kuikalia tena. Waliisukuma nyuma ya stoo, wakaifunika turubai, na kuku wa mlinzi wakaanza kutagia chini ya usukani wake. Nyasi zikarudi kufyekwa kwa mkono. Aliyezifyeka ni Nyangi, mke wa Werema. Mumewe alipokatwa mguu chini ya goti, Sista Lilian, msimamizi wa zahanati, alimpa yeye kazi hiyo ili nyumba isilale njaa.

Zahanati yenyewe iko juu ya kilima huko Kemambo, na mvua za mwaka huu hazikuwa na mchezo. Nyangi akimaliza kufyeka upande wa lango, upande wa wodi ya wazazi nyasi zimeshafika kiunoni. Asubuhi moja mama aliyetoka kujifungua alikwenda kuanua nguo za mtoto, akamkanyaga nyoka aina ya kifutu, akaumwa. Walimkimbiza Tarime mjini, akapona, lakini habari ikatembea. Wajawazito wakaanza kuogopa kuja. Mmoja akajifungulia shambani, na mtoto hakuishi.

Hapo Sista Lilian akasema mashine itengenezwe, liwe liwalo.

Nyangi aliposikia, aliacha kufyeka. Aliiogopa ile mashine kama mtu anavyomwogopa mbwa aliyekwisha kumng'ata mtu wa nyumbani. Lakini kulikuwa na hofu nyingine chini ya hiyo, na hakuwahi kumwambia mtu. Watu walisema Werema alikuwa amelewa. Miaka ya nyuma alikunywa kweli, akaacha, na siku moja kabla ya ajali alikuwa kwenye sherehe ya mahari ya mpwa wake, akalala hukohuko. Asubuhi alipitiliza kazini moja kwa moja. Nyangi hakumwona wala hakumnusa. Hospitalini Werema alimwambia jambo moja tu, kwamba aliachia pedali na mashine haikusimama. Nyangi akaitikia, akamfunika shuka, na hakuuliza zaidi. Aliogopa kuuliza. Sasa fundi angeifungua mashine, na kama angeikuta nzima haina tatizo, basi waliosema walisema kweli.

Fundi alikuja na pikipiki kutoka Tarime mjini, boksi la spana limefungwa nyuma. Jina lake Faridu, mtu wa jenereta na mashine za kusaga, ambaye babu yake alihamia kutoka Tanga akaoa hukuhuku. Alimwamkia Nyangi shikamoo, akaomba maji ya sabuni na brashi, na kabla ya kugusa nati yoyote akaosha mgongo wa giaboksi mpaka ukang'aa. Uchafu ukiingia ndani, alisema, kazi yote ni bure. Kisha akazuia matairi ya mbele kwa mawe na kuinua nyuma kwa jeki.

Nyangi alitaka kwenda zake kufyeka. Badala yake akabaki amesimama, fyekeo mkononi.

Faridu alikuwa mtu wa kuongea akifanya kazi. Alieleza kwamba mashine hii haina gia za kubadilisha kama gari. Ndani ya giaboksi mna pampu, na oili yenyewe ndiyo inayosukuma matairi. Ukikanyaga pedali oili inasukuma, ukiachia oili inashika, mashine inasimama. Breki iliyopo ni ya kuegeshea tu, haiwezi kuzuia uzito ule mteremkoni. Kwa hiyo kila kitu kiko kwenye oili. Aliuliza ilibadilishwa lini mara ya mwisho. Sista Lilian, aliyekuwa amesimama mlangoni pa stoo, akasema anavyojua yeye haijawahi kubadilishwa tangu mashine iletwe na wafadhili.

Faridu akaingia chini, akaweka beseni, akashika nati ya kumwagia oili. Ilikuwa imekaza. Akaisukuma mara moja, mara mbili, na Nyangi akajikuta anaomba kwa Kikurya, maneno ya mama yake, bila kujua anaomba nini hasa. Akiomba oili iwe mbovu, ni kama anaombea ubaya. Isipokuwa mbovu, atarudi nyumbani na jambo ambalo hatajua pa kuliweka.

Nati ikaachia.

Kilichotoka hakikufanana na oili. Kilichuruzika chepesi kama chai ya rangi, cheusi, na harufu yake ilikuwa ya kitu kilichoungua sufuriani kikasahaulika. Faridu alichovya kidole akakitoa juani. Kwenye weusi ule mlikuwa na vumbi la chuma, linametameta. Akapangusa kidole kwenye suruali.

"Mama," alisema, "nani alikuwa anaiendesha hii?"

"Mume wangu."

Faridu akamtazama, kisha akatazama lile korongo. Bila shaka alikuwa ameshasikia habari njiani.

"Sikuwepo, siwezi kusema alikuwaje siku hiyo," alisema. "Ila oili hii ikipata moto haishiki kitu. Hata ningekuwa mimi, na mimi pombe siijui, ningerudi kinyumenyume vilevile."

Nyangi aliketi chini palepale, kwenye majani yaliyolowa.

Fundi akaendelea. Akafunga filta mpya, akajaza oili mpya polepole, ya rangi ya asali, mpaka ikafika usawa wake. Kisha akasema sasa inabidi kutoa upepo, maana hewa ikibaki ndani pampu inasukuma hewa badala ya oili. Akavuta kiwiko cha nyuma, kichuma kidogo kinachoyatenga matairi na pampu, akawasha injini, akakanyaga pedali mbele na nyuma, taratibu. Akarudisha kiwiko, akarudia. Matairi yakazunguka hewani na giaboksi ikalia kwa sauti ya kukoroma, kisha sauti ikapungua. Akaongeza oili kidogo, akashusha jeki. Kwenye tambarare mbele ya stoo mashine ilikwenda na kusimama vizuri.

"Imebaki mteremko," alisema.

Mlinzi alijifanya ameitwa langoni. Faridu alisema atapanda mwenyewe, ila akaeleza kwamba angependa kuwa pembeni asikie giaboksi inavyolia ikibeba mtu, kwani juu ya kiti mtu husikia injini tu. Alisema hivyo huku anautazama mteremko, na Nyangi akaona kwamba na yeye anaogopa.

Hakujua nini kilimwinua. Labda ni yule mtoto wa shambani, labda ni aibu ya kumshuku mumewe muda wote ule. Aliweka fyekeo chini akasema yeye ndiye atakayeitumia kila siku, basi aanze leo.

Kiti kilikuwa na joto la jua. Alikanyaga pedali, mashine ikaanza kupanda, na upande wa kulia korongo likawa linamsubiri. Faridu alitembea pembeni ameinama, sikio karibu na tairi. Walipofika katikati, pale mashine ilipoanza kumrudisha Werema, fundi akainua mkono.

"Achia mguu."

Nyangi hakuweza. Mguu ulikuwa kama si wake. Faridu akarudia kwa upole, na Nyangi akafumba macho akaachia. Mashine ikasimama. Halafu, taratibu sana, ikaanza kurudi nyuma.

Alihisi kiti kinamtoka chini. Mbele ya macho yaliyofumbwa aliona kitanda cha hospitali na shuka lililolala bapa mahali pa mguu. Akasikia Faridu anamwambia akanyage, akanyage mbele. Akakanyaga kwa nguvu zote, na mashine ikashika, ikapanda na kumfikisha juu, ambako alizima injini akabaki ameng'ang'ania usukani.

Faridu alifika anahema. Akasema ni hewa, imebaki kidogo, alifanya haraka. Akaomba radhi. Akashuka kuleta vifaa, wakarudia palepale juu: jeki, mawe, kiwiko, mbele, nyuma, na safari hii hakuongea kabisa. Kukoroma kulipoisha kabisa akaendelea bado kwa muda, kisha akaongeza oili.

Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa sasa Nyangi alijua. Alishuka hadi chini, akageuza, akapanda tena. Katikati ya mteremko akaachia. Mashine ikasimama. Akasubiri irudi. Haikurudi. Faridu aliweka jiwe nyuma ya tairi na jiwe likabaki na nafasi kati yake na tairi, nafasi isiyopungua.

Nyumba yao iko ng'ambo ya korongo. Aliporudi alimkuta Werema njiani, amekaa juu ya udongo, magongo kando yake, jasho linamtiririka. Alikuwa ameusikia mlio wa mashine, akausikia ukipanda, kisha ukizimika, akaanza kuja.

"Ni wewe uliyekuwa juu yake?"

"Ni mimi."

Werema alifunika uso kwa mikono. Nyangi akaketi karibu naye, akamweleza habari ya oili, weusi wake, harufu yake, vumbi la chuma, na aliyoyasema fundi. Halafu akamwambia na lile lingine, kwamba yeye pia alikuwa amewaamini watu.

"Nilijua," Werema alisema. "Ulikuwa huniulizi."

Walikaa hapo mpaka jua likapoa, kisha Nyangi akamshika mkono wakapanda nyumbani polepole.

Wiki iliyofuata Nyangi alikata nyasi zote za upande wa wodi ya wazazi, na vifutu wawili wakatoka wakitambaa kuelekea korongoni. Wanawake wakaanza kurudi. Watu humsifu kwamba amezoea. Hajazoea. Kila akifika katikati ya ule mteremko, huachia mguu kwanza, akasubiri, ndipo aendelee.