Jaketi Alilolikalia Msabaha

Mimi ni Mkerewe, na nalisema hilo kabla hujaniuliza, maana hapa Guangzhou watu wa pwani wakisikia umezaliwa ziwani wanakuona kama umejifunzia maji kwenye karai. Msabaha ndiye aliyekuwa kinara wao. Ni Mpemba wa Wete, mnunuzi wa viatu pale soko la Zhanxi, na mimi ndiye ninayemfungia marobota na kuyafikisha bandarini Nansha. Miaka sita tunafanya kazi pamoja, na miaka yote sita ananiita Bwana Maji Baridi.

Jumamosi moja mwishoni mwa Novemba, kontena lake lilipokwisha kuingia bandarini, tulibaki Nansha kuvua. Baridi ikianza, samaki wanayemwita luyu, mweupe mwenye mdomo mpana, husogea usiku karibu na mawe kufuata dagaa. Uvuvi wake mtamu, lakini una masharti, na masharti naweka mimi kwa sababu gari ni langu. Kila mtu jaketi okozi, filimbi shingoni, tochi ya kichwani na nyingine ya akiba, nguo kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Nilimpigia simu Zulekha, mke wa Msabaha, nikamwambia tuko mawe gani na tutaondoka saa sita. Kisha nikamwuliza mzee wa Kichina aliyekuwa akivua jirani, naye akanionyesha kwenye simu yake kuwa maji yangeanza kujaa saa mbili na nusu.

Msabaha alicheka mpaka akakohoa. Akasema leo mwezi kumi na nne, na mwezi ukiwa kumi na nne, saa nne usiku maji huwa yametoka kabisa. Kwao hata mtoto wa chuoni analijua hilo, hahitaji simu ya mtu. Akalitandika jaketi lake juu ya jiwe, akalikalia.

Hapo damu ikanichemka. Kaka yangu alikuwa mvuvi kunishinda mimi na kumshinda Msabaha. Tulipompata ziwani, siku ya tatu baada ya kuzama, jaketi lake lilikuwa bado ndani ya mtumbwi, limebonyea katikati pale alipokuwa amekaa. Sikumweleza Msabaha habari hiyo kwa upole. Nilimwambia, nikatoa funguo za gari mfukoni, nikasema avae au tunarudi mjini sasa hivi, na asinitafute tena kwa mzigo wowote. Akavaa, akafunga vifungo vyote, ila kunifananisha na mama mkwe wake hakuacha.

Tukavua. Nilikuwa nimechora mstari kwenye jiwe kwa ile kalamu ya wino ninayoandikia marobota, ili nione maji yanaelekea wapi. Ilipofika saa tatu na nusu mstari ulikuwa umekwisha kumezwa. Msabaha, kwa hesabu zake za Wete, akashuka na viatu vyake virefu vya mpira mpaka mawe ya chini kabisa, ati anayafuata maji yanayotoka. Nikapiga filimbi. Akapunga mkono bila kugeuka, maana fimbo yake ya kuvulia ilikuwa imepinda, ameshapata samaki. Nikapiga tena, kwa nguvu zangu zote. Alipogeuka, jiwe alilopitia lilikuwa chini ya maji. Alijaribu kulikanyaga hivyo hivyo, akateleza, akatumbukia.

Niliogopa, sifichi. Mwili wote ulitaka kumrukia, na hapo ndipo watu huzikwa wawili. Nikalala kifudifudi, nikammulika. Viatu vilikuwa vimejaa maji vinamvuta, lakini jaketi lilikuwa limemshikilia, kichwa kiko juu. Nikarusha kamba ya marobota, yenye kitanzi nilichokifunga tangu jioni. Mara ya kwanza ikampita mbali. Mara ya pili akaidaka, akaipitisha kwapani. Mzee wa Kichina akanishika mkanda wa suruali nisiteleze, tukavuta mpaka akafika juu.

Meno yalikuwa yanamgongana. Nikamvua nguo zote, nikamvika zile kavu, nikamnywesha chai ya tangawizi kidogo kidogo. Tulipokaribia mjini akaniuliza:

"Lucas, kaka yako alikuwa anaitwa nani?"

"Deogratias."

Akalitaja jina hilo mara mbili, polepole, kisha akaegemeza kichwa kwenye kioo.

Mtasema najisifu. Najisifu, kwa nini nisijisifu? Zulekha ana mume, watoto wana baba, na aliyemtoa majini ni huyu huyu mtoto wa kwenye karai. Kamba ile bado ninayo, na simpi mtu afungie mzigo.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta Msabaha amesimama chini ya ghorofa lake, katikati ya mikokoteni na wapita njia. Pakavu kabisa, jua linawaka, naye amevaa jaketi okozi, limefungwa mpaka shingoni. Wenzake wa pwani walikuwa pale pale wanamcheka. Hakuwajali. Alinisubiri nishushe kioo cha gari, akainama, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Nahodha, leo maji yanaanza kujaa saa ngapi?"

Saa nilikuwa naijua, nilikuwa nimeiangalia tangu asubuhi. Ila ilinibidi nijifanye natafuta kitu chini ya kiti kwanza, ndipo nikaweza kumjibu.