Ndugu Hadaiwi Cheti

Auzaye gari ndiye alipelekaye kupimwa moshi, naye humkabidhi mnunuzi cheti pamoja na ufunguo. Kwetu Tulare, mji wa wafugaji huku ughaibuni, hata mtoto anayejifunza kukamua ng'ombe anaijua kanuni hiyo. Ndugu peke yao ndio waliosamehewa. Baba akimwuzia mwanawe, au kaka akimwuzia dada yake, serikali haiulizi cheti, kwa kuwa walioitunga sheria waliamini kwamba watu wa tumbo moja hawatiani hasara kwa kujua.

Serafim Toste aliifahamu sheria hiyo kuliko wengi, maana alikuwa fundi mwenye gereji yake mwenyewe. Basi alipomwuzia dada yake Idalina gari dogo la kijivu, hapakuwa na cheti, wala hakuna aliyeshangaa. Idalina alikuwa mjane. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mashambani akiwaogesha na kuwalisha wazee wasiojiweza, na kampuni iliyomwajiri haikumruhusu mtumishi kuendesha gari lisilo na stika ya serikali, ambayo haitolewi gari likishindwa kipimo cha moshi. Gari likisimama, kazi nayo ingesimama.

Alilisifu gari lile kila alipokwenda. "Kaka yangu hakuniuzia gari, aliniuzia usingizi," alikuwa akiwaambia wanawake wenzake katika jiko la ukumbi wa Wareno. "Halijaniwashia ile taa ya kuonya ubovu wa injini hata mara moja!"

Zamu ya gari kupimwa ilifika katika juma la kuelekea Pentekoste. Idalina alikwenda kituoni Jumatatu, akiwa na imani ya mtu aendaye kuchukua kilicho chake. Mpimaji alikuwa Nelda Quiroz, mwanamke asiyejua kubembeleza. Nelda aliketi mbele ya usukani, akafungua ufunguo bila kuwasha injini, akaitazama dashibodi. Akafunga ufunguo, akaufungua tena.

"Mama, hebu njoo uone. Ufunguo ukifunguliwa, taa zote lazima ziitike kwanza, kama watoto wanaoitwa majina darasani. Injini ikishawaka ndipo zinazima. Haya, ya betri hii hapa. Ya breki hii hapa. Ya injini iko wapi?"

"Si ndiyo vizuri? Haijawahi kuwaka."

"Haijawahi kuwaka kwa sababu haipo. Kuna mtu ameing'oa."

"Labda imeungua yenyewe."

"Iliyoungua huwa inabaki mahali pake, mama."

Nelda akachomeka waya wa mashine yake chini ya usukani, akasoma kwa muda. "Kompyuta ya gari inasema taa ya injini inawaka. Masikini, inahangaika kuwasha taa ambayo haipo. Kichujio cha moshi, kile kilichomo kwenye bomba la ekzosi, kimekufa, na hakikufa jana. Nani alikuuzia hili gari?"

Idalina alitazama pembeni. "Kaka yangu."

Nelda alichomoa waya wake. Aliandika kwamba gari limeshindwa.

Juma hilo taji la Roho Mtakatifu, ambalo kila mwaka kabla ya Pentekoste hulazwa katika nyumba ya mmoja wetu, lilikuwa nyumbani kwa Serafim. Kura ilikuwa imemwangukia, na Jumapili angelibeba mbele ya watu wote hadi kanisani. Desturi yetu Wareno, tuliyoileta kutoka visiwa vya Ureno, ni kwamba aliyelilaza taji nyumbani mwake hulala bila ugomvi na mtu, na mwenye dai juu yake huja kulisema wakati huo. Jioni ileile Idalina alimkuta sebuleni, akipanga viti vya watu wa kusali rozari.

"Kaka, taa ya injini iko wapi?"

"Taa gani tena, mdogo wangu? Kaa kwanza, jikoni kuna mkate mtamu."

"Ile uliyoing'oa."

Serafim alicheka. "Ni Nelda huyo? Huyo hata ukimpelekea mkokoteni ataona moshi!"

"Kaka."

Kicheko kikaisha. "Ningekuachia ile taa ungenipigia simu kutwa: kaka taa, kaka taa. Wewe si nakujua? Tangu utotoni unaogopa hata jogoo."

"Mwezi huu ukiisha sina stika, sina kazi. Hilo ndilo ninaloliogopa."

"Haya, nimekosa. Niachie gari. Jumatano utalikuta na kichujio kipya."

"Apa."

Serafim aliweka kiganja juu ya meza iliyobeba taji, katikati ya maua. "Mbele ya hili. Kichujio kipya."

Idalina alilia, akamsamehe palepale, kisha akamsaidia kupanga viti vilivyosalia.

Jumatano alilichukua gari. Alipofungua ufunguo, taa ya injini iliitika pamoja na wenzake; injini ilipowaka, ikazima kwa adabu. Alhamisi alirudi kwa Nelda akiwa amebeba kipande cha mkate mtamu, kwa shukrani. Nelda akachomeka waya wake, akasoma kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza.

"Mama, kompyuta hii haikumbuki kitu. Imefutwa kumbukumbu zote. Ukiifuta, taa inazima siku kadhaa, mpaka gari litembee na kujikagua upya. Mashine yangu haikubali gari ambalo halijajikagua."

"Lakini kimewekwa kichujio kipya!"

Nelda alichukua tochi, akainama chini ya gari, akamwita Idalina naye ainame. Bomba lilikuwa lilelile lenye kutu. Matope ya mazizini, makavu kama udongo wa tanuri, yalikuwa yamezifunika bolti zote. Hapakuwa na hata bolti moja iliyoguswa na spana.

"Ule mkate wako," Nelda alisema kwa upole ambao haukuwa kawaida yake, "uache hapo mezani; nitaula."

Idalina aliuacha. Jioni ile aliingia sebuleni kwa Serafim wakati watu wamekwisha kupiga magoti, naye akapiga magoti kama wao. Alisali rozari yote mpaka amina ya mwisho. Ndipo aliposimama.

"Kaka, Jumatatu uliapa juu ya meza hiyo. Sema juu yake tena. Uliweka kichujio?"

Shangazi yao Filomena akamvuta gauni. "Idalina, mwanangu, ndugu mui heri kuwa naye. Mambo ya nyumbani huongelewa jikoni."

"Niache, shangazi. Kiapo hakikuapwa jikoni."

Serafim akajaribu kutabasamu. "Jamani, watu wazima tunagombea bomba la moshi mbele ya Mungu!"

Hakuna aliyecheka. Mke wake aliinamisha macho.

"Sikuweka," alisema hatimaye. "Nilidhani utapita hivyo hivyo."

"Na siku uliponipa ufunguo, ulijua kimekufa?"

"Nilijua."

"Wako watu mji mzima, kaka. Kwa nini mimi?"

Serafim alijibu kwa sauti ya chini, lakini sote tulisikia. "Mtu mwingine angenidai cheti."

Idalina alijifunga kitambaa chake kichwani, akampa shangazi mkono, akauacha ufunguo wa gari mezani, akatoka.

Kesho yake gereji ilifungwa kwa wateja, naye Serafim alilala mwenyewe chini ya gari la kijivu na kuzifungua zile bolti. Alinunua kichujio kipya kwa fedha zake, akaliendesha gari siku kadhaa mpaka lilipojikagua, akalipeleka mwenyewe kwa Nelda likapita. Stika ilifika kabla ya mwezi kuisha, na Idalina hakupoteza kazi yake. Lakini Jumapili ya Pentekoste wazee wa ukumbi walimpa taji binti wa nyumba nyingine. Serafim alitembea nyuma ya msafara, mikono mitupu.

Wiki chache baadaye Idalina alifika gerejini. Gari lilikuwa limeoshwa hadi chini ya mikeka. Aliweka mezani ufunguo, na juu ya ufunguo, cheti cha moshi.

"Nimepata gari jingine kwa mtu baki wa mji wa Visalia. Hili nakuuzia wewe, kwa bei uliyoniuzia."

"Nitalinunua," Serafim alisema. Akakisogeza cheti kando kwa kidole. "Lakini hiki cha nini, mdogo wangu? Sisi ni ndugu."

"Auzaye ndiye apimaye, Bwana Toste."

Tangu wazaliwe alikuwa hajapata kumwita hivyo. Serafim akaenda kwenye sefu, akaleta fedha zote, hakubakiza deni. Idalina alizitia mkobani, akamwandikia stakabadhi kama mteja yeyote, akamtakia siku njema.